Mkanda Uliokwisha Meno

Gari lile nilipewa na kaka yangu mkubwa, alipokuwa anahama Goma na familia yake kwenda Uganda. Alikuwa amejaribu kuliuza kwa majuma kadhaa akashindwa, maana siku zile za hofu ya vita kila mtu Goma alikuwa anauza na hakuna aliyekuwa ananunua. Akanipigia simu Kingi, ninakofundisha darasa la nne, akasema, "Kuja uchukue hii gari. Kama haiko weye, iko mutu mi simujue njo ataichukua." Nikaenda na mwenzangu mmoja anayejua kuendesha, tukarudi nalo polepole, mimi nimekaa kushoto ambako gari hilo halina usukani, nikijiona mtu mwingine kabisa.

Lilikuwa dogo, rangi ya majivu, limetumika Japani kisha sijui wapi tena kabla ya kufika kwa kaka yangu. Nambari za kilomita zilikuwa zimesimama mahali pamoja tangu siku nilipolipata. Nilijifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule, Jumamosi, kuku wakinikimbia. Baada ya miezi miwili nilikuwa nashuka nalo Masisi bila kuzimika njiani. Nilibeba maharagwe ya majirani, nilibeba chaki, nilibeba wanawake wawili wenye uchungu wa kuzaa, na wote wawili walifika. Watu wa Kingi wakaanza kuniita Mwalimu wa Gari. Nilipenda jina hilo kuliko nilivyokubali kuonyesha.

Fundi mmoja wa Masisi ndiye aliyeniuliza kwanza. Nilikuwa nimempelekea abadilishe mafuta. Alifungua kapo, kile kifuniko cha mbele, akainama, akatazama ubavuni mwa moteri, halafu akasema, "Mwalimu, kuruwa ya ndani, baliibadirisha lini?"

Sikujua hata kwamba kuna kuruwa ya ndani. Akanieleza. Kuna mkanda wa mpira wenye meno, umefichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki. Kazi yake ni kuunganisha sehemu ya chini ya moteri na sehemu ya juu, ili pistoni zikipanda, supapu, yaani vali, ziwe zimeondoka njiani. Mkanda huo ukikatika, au meno yake yakiisha, chini na juu havielewani tena, na chuma kinapiga chuma. Haupigi kelele kabla ya kukatika, akasema. Leo uko, kesho hauko.

Ndani ya kapo kulikuwa na karatasi ndogo imebandikwa, ina maandishi ya Kijapani na nambari zilizoandikwa kwa kalamu, nusu zimefutika. "Hii njo inasemaka siku baliibadirisha," fundi akasema. "Lakini nani atatusomea?" Tukacheka. Akaniambia kuifungua ni kazi ya siku nzima, na kwamba ni heri nimwachie gari wakati wa likizo. Nikakubali. Likizo ikaja, nikapanda maharagwe. Likizo ya pili ikaja, nikaezeka jiko. Gari lilikuwa linawaka kila asubuhi kwa mguso mmoja wa ufunguo, na mimi nilikuwa nimekwisha kuzoea kuamini kwamba kitu kinachowaka hakina ugonjwa.

Mama yangu alikuwa anaishi Buleusa, nilikozaliwa, peke yake tangu baba afariki. Alikuwa analima muhogo na ndizi, na wakati wa jua alikuwa anasuka mikeka ya kuuza Pinga. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa polepole bila yeye kumwambia mtu. Nilipogundua, alikuwa ananimiminia chai, na chai ilikuwa inapita kando ya kikombe. Nilimleta Masisi mara moja, na muuguzi wa hospitali akamtazama na taa yake ndogo. Akaniita kando. "Iko na tansyo ya macho, presha imepanda ndani," akasema. "Hii ya kushoto imeisha, hata mungefika Ulaya haitarudia. Ile ingine ingali na nguvu kidogo. Bakiipasua mbele ya wakati, itabakia vile iko. Bakichelewa, nayo itaenda." Hapo Masisi hakukuwa na wa kuipasua. Mama akarudi Buleusa na chupa ya matone, ambayo iliisha baada ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo muuguzi yule aliponipigia simu mwaka uliofuata kuniambia kwamba madaktari wa macho wanakuja Masisi, na watapasua watu Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kisha waende zao, nilimwambia aandike jina la mama mbele kabisa. "Lakini afike Jumanne," akanionya. "Liste iko murefu."

Kutoka Buleusa hadi Pinga ni pikipiki tu, na kutoka Pinga pia. Mama aliondoka Jumamosi na mwendeshaji wa kijijini anayemfahamu. Jumapili walisali Pinga na kupumzika. Jumatatu, karibu na saa sita mchana, nilimkuta ng'ambo ya Nyabiondo, upande wa Pinga, katika kijiji ambako barabara inayoweza kubeba gari inaishia. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, viatu mkononi, gauni lina tope hadi kiunoni. Walikuwa wameanguka kwenye kijito. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama kichwa cha mtoto.

Alinitambua kwa sauti nilipomsalimu, maana jicho la kulia nalo lilikuwa limefifia. "Gari iko wapi?" akauliza.

"Hii hapa, Mama."

Akalipapasa mlangoni, juu ya paa, kwenye kioo. Alikuwa hajawahi kupanda gari langu. "Asante Mungu," akasema. "Ile pikipiki, mi siipande tena mu hii dunia."

Nikamketisha nyuma, goti limenyooshwa kwenye kiti. Tukaondoka. Nakumbuka vizuri jinsi nilivyokuwa na furaha, kwa sababu sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena nikiwa kwenye usukani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na jua lilikuwa limetoka. Mama alikuwa ananiuliza tunapita wapi, nami nilikuwa namtajia: hapa kuna shamba la mahindi, hapa kuna watoto na mbuzi, hapa tunashuka kwenye daraja la miti. Baada ya daraja kuna mpando mrefu wa udongo mwekundu. Nikaweka gia ya kwanza. Tulikuwa karibu kufika juu wakati moteri ilipokata. Haikukohoa wala haikutetemeka. Kulitokea mlio mmoja mfupi, kama mtu aliyepiga sufuria na kijiko, kisha kimya, na nikasikia matairi yakianza kurudi nyuma. Nilivuta freni ya mkono. Nikashuka mbio nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Sasa nitasema nilichofanya, kwa sababu nimekwisha kukificha mara nyingi nikisimulia habari hii. Nilirudi ndani nikageuza ufunguo. Moteri ikazunguka, lakini haikushika. Nikageuza tena. Nikageuza labda mara ishirini, labda mara thelathini. Sauti haikuwa ile ya kila siku. Ilikuwa nyepesi, ya haraka, bila uzito wowote ndani yake, na nilijua kwamba si sauti nzuri, lakini mkono wangu uliendelea. Nikajiambia ni esansi, petroli haifiki kwenye moteri. Nikajiambia ni maji yaliyoingia kwenye bujii, yaani plagi, pale darajani. Mwishowe mama akasema kutoka nyuma, "Mwanangu, iache ipumuzike."

Nyumba ya karibu ilikuwa juu ya mpando. Mwenye nyumba, mama mmoja mjane, alitoka na watu watano wa jirani, wakatusukuma hadi uani kwake. Alimtandikia mama yangu kitanda chake mwenyewe, akachemsha majani na kumkanda goti. Hakutuuliza tutakaa siku ngapi. Nilipiga simu hapa na pale hadi nikapata jina la fundi wa Nyabiondo, mtu anayetengeneza mashine za kusaga na pikipiki, na wakati mwingine magari. Akasema atakuja asubuhi.

Jumanne alifika mapema, nyuma ya pikipiki, vyombo vyake vimefungwa katika mfuko wa mchele. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye koti la mvua lisilokuwa na mikono. Aliniomba nigeuze ufunguo mara moja tu. Nikageuza. Akainua mkono haraka.

"Acha. Hapana kudemare tena." Akainama juu ya moteri. "Umesikia vile inazunguka? Iko sawa na mutu anakanyaga baskili yenye imekatika cheni."

"Si esansi?"

"Esansi haifanye vile." Akafungua kizibo cha juu, kile cha kumiminia mafuta ya moteri, akaniita nitazame ndani ya tundu. Niliona chuma chenye mafuta. "Hii chuma njo inasukumaka supapu. Mi nitageuza ufunguo kidogo sana, weye angaria kama inazunguka."

Akageuza. Chini moteri ilizunguka. Chuma nilichokuwa nakitazama hakikusogea hata unywele.

"Haizunguke," nikasema.

"Basi ni kuruwa," akasema, na akakaa chini kwenye nyasi kama mtu aliyetoka kutangaza kifo.

Ni wakati huo huo mwendeshaji aliyemleta fundi aliposogea karibu nami. Alikuwa kijana mwenye adabu, pikipiki yake ilikuwa mpya. "Mwalimu," akasema, "mi narudia Nyabiondo, kisha Masisi. Naweza kubeba mama. Nitaenda polepole. Mbele ya saa sita tutakuwa tumefika ku hospitali."

Mama alikuwa amekaa mlangoni, goti limefungwa kitambaa. Alikuwa amesikia. Akanyoosha mkono hewani kunitafuta. "Nitapanda," akasema. "Hata hivi nitapanda."

Nami nikamwambia, "Hapana, Mama. Goti yako haiwezi. Fundi iko hapa. Gari itawaka leo."

"Unajua?"

"Najua."

Sikujua kitu. Nilitazama goti lake, ni kweli, na niliogopa aanguke tena. Lakini kulikuwa na jambo lingine pia. Nilitaka kumfikisha mimi. Nilitaka watu wa hospitali waone gari likiingia, na mama akishuka, na mimi nikimfungulia mlango. Kijana yule alingoja kidogo, akavaa kofia yake, akaondoka. Nilisikia mlio wa pikipiki ukipotea chini ya mpando, na sikufikiri lolote.

Fundi alifanya kazi hadi saa tisa. Alitoa vifuniko viwili vya plastiki, akatoa gurudumu la upande mmoja, akatoa mikanda mingine ya nje. Alipofika ndani, akauchomoa ule mkanda taratibu. Haukuwa umekatika. Ulikuwa mzima kwa kuutazama, duara jeusi, umekunjamana. Nikaanza kutabasamu. Akaupeleka kwa mama yangu badala ya kunipa mimi. Sijui kwa nini, labda kwa sababu mama alikuwa ameomba kuushika.

Mama akaupitisha kati ya vidole vyake, kama anavyofanya na ukindu kabla ya kuanza mkeka. Vidole vikaenda, vikaenda, kisha vikasimama. "Hapa iko laini," akasema. "Meno imeisha hapa." Akahesabu. Mahali pale palikosekana meno saba. Mengine ya karibu yalikuwa yanatingishika kama ya mtoto wa miaka sita.

"Njo ile," fundi akasema. "Juu imesimama, chini imeendelea."

Nikamwuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa tangu asubuhi. "Na sasa moteri imekufa?"

Alijifuta mikono kwa majani. "Iko moteri zingine zinasamehe. Kuruwa inaisha, unatia ingine, unaenda. Zingine hazisamehe. Hii yako, mi siijue. Tutajua tukitia ingine."

Mkanda mwingine tuupate wapi? Akafikiri. Nyuma ya duka moja la Nyabiondo kulikuwa na gari la namna hiyo hiyo, limekaa miaka bila magurudumu, majani yameota ndani. Akapiga simu. Mwenye duka akakubali. Fundi akaenda mwenyewe kwa miguu hadi alipopata pikipiki, na usiku ule hatukumwona tena. Tulikula sombe, majani ya muhogo, na ugali wa muhogo, na mama mwenye nyumba akatuombea kabla ya kulala. Aliomba kwa ajili ya jicho, halafu kwa ajili ya gari, kwa maneno yale yale.

Muuguzi alinipigia simu jioni hiyo. "Mwalimu, mama hakufika." Nikamwambia kesho. "Leo bamepasua batu kumi na moja," akasema. "Kesho mbele ya saa sita, tafazali. Ku barabara kunasikika mambo mabaya."

Jumatano, jua likiwa linatoka, fundi akarudi na mkanda. Ulikuwa wa zamani nao, lakini meno yake yalikuwa mazima. Mama akauomba. Akafunga kamba kwenye jino moja ili ajue alipoanzia, akahesabu kwa sauti ya chini, kwa lugha ya nyumbani. Akahesabu na ule mbovu, akiongeza yale saba. Hesabu zikalingana. Mama mwenye nyumba akapiga vigelegele. Hata fundi alicheka, na ndipo nilipoona kwamba hajawahi kucheka tangu afike.

Alilinganisha alama, moja ya juu na moja ya chini, akavalisha mkanda, akaukaza. Kisha akachukua spana ndefu, akazungusha moteri kwa mkono, polepole, mzunguko mzima, na mwingine. Ikazunguka bila kugoma. "Haipige chuma," akasema. Nilikuwa nimeshika mikono yangu pamoja kama mtu aliye kanisani. Akaniambia nigeuze ufunguo.

Moteri ikazunguka. Ikakohoa mara moja, moshi mweupe ukatoka nyuma, na mama akasema "Hee!" Halafu ikaendelea kuzunguka kwa ile sauti nyepesi ya jana. Nikageuza tena. Ile ile.

Fundi akachukua spana tena. Akafungua bujii zote nne, akazipanga juu ya gazeti. Akaweka kidole gumba juu ya tundu la kwanza, akaniomba nigeuze. Akahamia la pili, la tatu, la nne. Halafu tukabadilishana, mwenyewe akashika ufunguo, nami nikaweka kidole. "Weye mwenyewe ujue," akasema. Kwenye tundu la tatu pumzi ilinisukuma kidole kwa nguvu hadi kikaondoka. Kwenye matundu mengine matatu hakukuwa na kitu. Nilisikia hewa ya baridi kidogo tu, kama unapoweka mkono mbele ya mdomo wa mtu unayetaka kujua kama angali anapumua.

"Supapu zimekunjika," akasema. "Inaomba kufungua kulasi, ile kichwa ya moteri, kutia supapu mupya. Hapa haiwezekane. Hata Masisi, mi nawaza haiwezekane. Goma, kama barabara inafunguka."

Nikamwuliza kama ni mimi niliyeziharibu, Jumatatu, kwa kugeuza ufunguo mara nyingi vile. Alichukua muda mrefu kurudisha vyombo vyake kwenye mfuko. "Ingeweza kuwa imekunjika palepale ilipokata," akasema. "Ao baadaye. Mungu njo anajua." Hadi leo sijapata jibu lingine.

Niliomba pikipiki kwa simu. Ya kwanza iliyopatikana ilifika saa nane mchana, si ya yule kijana. Nilimwinua mama nikamweka katikati, mwendeshaji mbele, mimi nyuma, goti lake nimelishika kwa mkono wangu wa kulia ili lisigongwe. Hakulalamika. Kila tulipoingia shimoni alitoa pumzi tu. Tulipofika Nyabiondo, barabara ilikuwa imejaa watu waliosimama, pikipiki zimepangwa kando, wengine wanageuza. Mbele kulikuwa kumesikika risasi tangu asubuhi. Hakuna aliyekuwa anapita. Tukalala kwa katekista mmoja, kwenye sakafu, pamoja na watu wengine ambao nao walikuwa wanakwenda mahali.

Alhamisi asubuhi barabara ikafunguliwa. Tukafika hospitali ya Masisi kabla ya saa nne. Uani hakukuwa na foleni. Chini ya baraza walikuwa wamekaa wazee wachache wenye jicho moja limefunikwa pamba, na wake zao wakiwapa uji. Nilijua kabla ya kuuliza.

Muuguzi alitoka, akatusalimu kwa mikono miwili, akamkalisha mama kwenye benchi. "Bameenda jana," akasema. "Baliposikia risasi, bakafunga vyombo. Saa sita hata haikufika. Batu bengi bamebaki." Kisha, kwa sauti ya chini, nadhani ili mama asisikie, akaongeza: "Jumanne njo ingekuwa muzuri. Jumanne balipasua kila mutu mwenye alifika."

Mama alisikia. Masikio yake ni mazima. Nilikaa karibu naye nikingoja aseme jambo, anitukane, aniulize kuhusu yule kijana wa pikipiki. Alikuwa ananyoosha kitambaa cha goti kwa vidole. Akasema, "Ubaombe balete uji kidogo, nina njaa." Nikaenda kumwombea uji.

Muuguzi alitupatia matone. Nilimchukua mama nikaishi naye Kingi, kwa sababu kurudi Buleusa peke yake hakukuwezekana tena. Wakati wa kwanza alikuwa bado anaona umbo la mtu mlangoni, anajua kama ni mimi au mke wangu. Alikuwa anapepeta maharagwe na kutoa mawe. Baada ya Pasaka mawe yakaanza kubaki ndani ya maharagwe. Mke wangu alikuwa anayatoa kwa siri baadaye. Mwezi wa sita nilimkuta amesimama uani saa saba mchana, uso ameuelekeza kwenye jua, macho wazi, akiniuliza kama kumekucha. Nilimjibu ndiyo, kumekucha.

Gari nililiacha uani kwa yule mama mjane. Nilirudi mara moja kuchukua betri, ambayo tunaitumia nyumbani kwa taa. Fundi wa Nyabiondo alichukua magurudumu kwa ruhusa yangu, akamfungia mtu mwingine. Mwenye nyumba anaanika muhogo wake juu ya kapo, maana bati hushika joto vizuri. Aliniuliza kama inanichukiza. Nilimwambia hapana.

Watu wa Kingi hawaniiti tena Mwalimu wa Gari. Hakuna aliyetangaza kwamba jina limekwisha, lilikoma tu. Wenzangu shuleni waliponiuliza yaliyotokea, niliwaambia kuruwa ilikwisha meno, barabara ikafungwa, madaktari wakaenda. Yote hayo ni kweli. Habari za Jumanne asubuhi sikuwaambia. Mke wangu aliambiwa na mama, si na mimi, na hakunitajia hadi siku moja tulipokuwa tunagombana kwa jambo lingine kabisa.

Mwisho wa mwaka mama aliomba tumpeleke Buleusa, akaage shamba. Ndivyo alivyosema, kuaga. Tukaenda kwa pikipiki, siku mbili. Njiani nilikuwa namshika kwa nguvu kila kijito, hadi akaniambia nilegeze mkono. "Sasa siyaone mashimo," akasema, "siogope tena."

Shamba lilikuwa limeingiliwa na magugu. Shemeji yake, mdogo wake baba, alikuwa anatungoja, na mama akampa shamba hilo mbele ya watu wawili, kwa maneno machache kama desturi inavyotaka. Kisha akaomba nimfikishe katikati ya muhogo. Nilimfikisha. Akainama, akapapasa shina, akafukua kwa mikono hadi akapata mizizi, akang'oa mmoja. Akaupima uzito wake, akaufuta udongo kwa gauni. Nilidhani anataka tuubebe. Aliuweka chini palepale, akaufunika tena kwa udongo ingawa alijua vizuri kwamba hauwezi kuota, akanyoosha mkono ili nimshike.

Tulianza safari ya kurudi Kingi siku iliyofuata. Hajaomba kwenda tena.